DUKE KAHANAMOKU, MZEE WA UBAO: KWA WEWE UNAYETAKA KUSIMAMA JUU YA MAJI

Wewe uliyelipia nusu saa hapo kafe kaa vizuri, maana ya leo ni ndefu kidogo.

Bila shaka umeshaona picha ya mtu amesimama wima juu ya ubao mrefu, kafi mkononi, anakata maji taratibu kama anatembea barabarani. Watu wananiuliza ule mchezo unaanzwaje, na mtu ambaye hajawahi achukue ubao gani. Nitajibu, tena kwa vipimo. Ila kila nikifukua habari za mbao za majini nakutana na jina la mtu mmoja aliyekufa zamani, na nimeona hayo mawili siwezi kuyatenganisha. Mtu mwenyewe ni Duke Paoa Kahanamoku wa Hawaii. Ukimwelewa yeye na ubao wake, habari ya kuchagua ubao wako inakuwa nyepesi.

Alizaliwa Honolulu tarehe 24 Agosti 1890. Wakati huo Hawaii ilikuwa bado ufalme, ina bendera yake na mfalme wake. Duke alikuwa mtoto wa miaka miwili tu mwaka 1893 Malkia Liliuokalani alipopinduliwa na kundi la wafanyabiashara na walowezi, na mwaka 1898 Marekani ikavichukua visiwa moja kwa moja. Kwa hiyo jamaa huyu aliyekuja kuipa Marekani medali alizaliwa raia wa nchi nyingine kabisa, wala hakuhama nyumbani.

Hilo jina la Duke huwachanganya wengi. Ni cheo cha kikabaila cha Waingereza, lakini kwake halikuwa cheo. Mwaka 1869 mwana wa Malkia Victoria, mwenye cheo cha Duke wa Edinburgh, alitembelea Hawaii, na mtoto mmoja wa wakati ule akapewa jina la mgeni. Mtoto huyo alikuja kuwa polisi, akazaa, na kifungua mimba wake akamrithisha jina. Ni kama akina Sultani na Waziri wa mtaani kwetu, ambao hawana ikulu wala wizara.

Familia ilikuwa kubwa: wavulana sita pamoja naye, na wasichana watatu. Walikaa Waikiki, karibu kabisa na bahari, enzi ambazo hoteli zilikuwa za kuhesabu. Mwenyewe alisimulia kwamba kuogelea alifundishwa na baba yake na mjomba wake kwa kutupwa tu majini kutoka kwenye mtumbwi. (Usimfanyie hivyo mdogo wako, tafadhali.) Shule alisoma, lakini hakumaliza. Nyumbani kulihitaji hela, akaacha. Sisi ambao vyeti vyetu vimeishia kidato cha nne tunaielewa sentensi hiyo bila maelezo. Alifanya vibarua vya hapa na pale, na muda uliobaki wote ulikuwa wa maji.

Sasa tuje kwenye ubao. Wahawaii walikuwa wakipanda mawimbi kwa mbao karne nyingi kabla meli ya kwanza ya Wazungu haijaonekana huko. Walikuwa na mbao za aina kadhaa. Ule mfupi na mwembamba uliitwa alaia. Ule mrefu na mnene uliitwa olo, na ulikuwa zaidi wa machifu. Wamisionari walipoingia karne ya 19, na maradhi ya kigeni yakawapukutisha wenyeji, mchezo ulififia karibu ya kupotea. Duke na wenzake wa Waikiki ni kati ya watu walioufufua mwanzoni mwa karne ya 20. Walikuwa na klabu yao, Hui Nalu, maana klabu nyingine ya ufukweni pale ilikuwa zaidi ya Wazungu.

Ubao mkubwa wa Duke ulikuwa wa mti uitwao koa, umechongwa kwa mfano wa olo. Urefu wake futi 16, yaani kama mita 4.8. Uzito wake kilo 52! Wewe jiulize, mfuko wa saruji ni kilo 50, na yeye alikuwa anaubeba huo ubao mpaka majini. Halafu chini haukuwa na pezi, kwa sababu pezi la ubao lilikuwa bado halijabuniwa. Kuugeuza alitumia miguu na uzito wa mwili.

Kwa nini ubao mkubwa hivyo? Hapa ndipo pa kujifunza. Kitu kinaelea kwa kusukuma maji pembeni. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo ubao wenye ujazo wa lita 200 unaweza kubeba kilo 200, uzito wake wenyewe ukiwemo, kabla haujazama. Ukiwa mrefu unakwenda mbali na moja kwa moja kila ukisukumwa. Ukiwa mpana hauyumbi. Ukiwa mfupi unageuka haraka lakini unakwenda upogo. Mambo hayo matatu ndiyo biashara nzima ya ubao, mengine ni rangi na picha za michikichi. Wauzaji watakueleza mengi, wewe wasikilize kwa adabu kisha uliza urefu, upana na ujazo.

Turudi kwa Duke. Tarehe 11 Agosti 1911 yalifanyika mashindano ya kuogelea katika bandari ya Honolulu, kwenye maji ya chumvi katikati ya magati, hakuna bwawa. Mbio za yadi 100. Kijana wa miaka 20, ambaye Marekani bara hakuna aliyemjua, akamaliza kwa sekunde 55.4. Rekodi ya dunia akawa ameipita kwa sekunde 4.6. Kwa mbio za kuogelea hiyo si tofauti, ni matusi. Matokeo yakapelekwa bara kwa wakubwa wa chama cha riadha cha ridhaa, na wakubwa wakakataa. Kwanza wakadai waamuzi wa Honolulu labda walitumia saa za kuamshia badala ya saa za kupimia mbio. Baadaye wakasema mkondo wa maji ulimsaidia. Hawakuitambua rekodi ile mpaka miaka mingi imepita.

Mimi sehemu hii ndiyo iliyonifanya nimpende. Mtu wa mbali, mweusi wa jua, katoka kisiwani, kafanya jambo mbele ya macho ya watu, halafu anaambiwa saa yenu mbovu. Ndugu, jamaa na wananchi wa Honolulu wakachanga nauli, akapanda meli kwenda bara ili aogelee mbele ya saa zao wenyewe. Aliogelea kwenye mabwawa ambayo hakuwa ameyazoea, kwenye baridi ambayo hakuwa ameizoea, akapata nafasi kwenye timu ya Olimpiki.

Stockholm 1912 kulitokea kichekesho. Waogeleaji wa Marekani hawakuonekana kwenye nusu fainali ya mita 100. Kulikuwa na kutoelewana kuhusu ratiba, wakakosa zamu. Ikabidi ipangwe mbio ya ziada ili wapate kuingia fainali. Duke akaingia, na fainali akashinda dhahabu. Akaongeza fedha kwenye mbio za kupokezana. Michezo ya 1916 ikafutwa kwa sababu ya vita, wakati yeye yuko kwenye ubora wake. Akasubiri miaka minane. Antwerp 1920 akachukua dhahabu ya mita 100 tena, na siku ya fainali ilikuwa tarehe 24 Agosti, anatimiza miaka 30. Mpinzani mmoja kutoka Australia akalalamika kwamba alizuiwa njiani, ikaamuliwa mbio irudiwe, Duke akashinda na ya marudio. Dhahabu ya kupokezana ikafuata. Paris 1924 akawa wa pili nyuma ya kijana Johnny Weissmuller, yule aliyekuja kuwa Tarzan kwenye sinema. Wa tatu alikuwa Samuel, mdogo wake Duke. Meza moja ya nyumbani Waikiki ilipata medali mbili kwa mbio moja!

Lakini medali zile hazikuwa chakula. Sheria za ridhaa zilikuwa kali: ukipokea hela kwa ajili ya kuogelea, umekwisha. Kwa hiyo dunia nzima ilimpigia makofi, na yeye akawa anasafiri kuonyesha kuogelea na kupanda mawimbi bila kujenga hata msingi wa nyumba. Alifika Hollywood akapata sehemu ndogondogo kwenye filamu, akivalishwa kuwa chifu wa huku na wa kule, kamwe si mhusika mkuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 bingwa wa Olimpiki alikuwa Honolulu kwenye kituo cha mafuta, anajazia watu magari. Ningeomba mtu anayefikiri umaarufu ni mshahara aisome hii mara mbili.

Katika safari zake, ile ya Australia ndiyo inayotajwa sana. Mwishoni mwa 1914 alialikwa Sydney kuogelea. Ubao wake hakuja nao. Basi akachagua mbao za msonobari pale pale, akachonga wake, na tarehe 24 Desemba akaingia nao baharini ufukwe wa Freshwater, watu wamejaa. Muda mfupi baadaye kwenye maonyesho mengine alimpakia mbele yake msichana wa miaka 15, Isabel Letham, wakashuka wimbi pamoja. Ubao ule bado upo, umehifadhiwa na klabu ya waokoaji ya Freshwater. Mtu anayekwambia huwezi kuanza mpaka ununue ubao wa dukani, mtajie huo.

Haya, sasa kisa ambacho kwangu kinazidi medali zote.

Tarehe 14 Juni 1925, California, pwani ya Newport Beach. Asubuhi, bahari imechafuka vibaya. Duke na marafiki zake wako ufukweni na mbao zao. Boti moja ya uvuvi iitwayo Thelma ilikuwa inajaribu kuingia bandarini, ndani watu 17. Mlango wa bandari ile ulikuwa na sifa mbaya. Wimbi likaipiga, boti ikapinduka, watu wakamwagika.

Sasa fikiria ungefanyaje. Ukiogelea mpaka pale, unafika umechoka, na mtu anayezama atakukumbatia mzame wote. Ukishusha mashua, mawimbi yale yale yataipindua na yenyewe. Duke alichukua ubao wake mkubwa, akalala kifudifudi, akapiga maji kwa mikono kuelekea kwenye mawimbi. Akafika, akamvuta mtu juu ya ubao, akarudi naye. Akaenda tena. Akaenda tena. Peke yake aliwatoa watu 8. Wenzake wawili, nao kwa mbao, wakawatoa 4. Watu 5 walipotea. Mkuu wa polisi wa pale alikiri kwamba kazi ile haikuwa ya kibinadamu. Duke mwenyewe hakupenda kuizungumzia sana.

Baada ya siku ile waokoaji wa fukwe za Marekani walianza kuutazama ubao kwa jicho jingine. Kabla ya hapo ulikuwa mchezo. Baada ya hapo ukawa chombo cha kazi, na mpaka leo unauona umeegemezwa kwenye mnara wa mwokoaji. Na angalia: kama Duke siku ile angekuwa na kibao kifupi chembamba cha madoido, kisingebeba watu wawili. Ujazo ule mkubwa ndio uliookoa. Ndiyo maana anayeanza namwambia achukue ubao mkubwa, hata kama vijana wenzake watamcheka kwamba kabeba mlango.

Shida ya ubao wa Duke ilikuwa uzito. Hapo akaja Mmarekani mwingine, Tom Blake, ambaye alikutana na Duke mwaka 1920 kwenye jumba la sinema kule Detroit, akavutiwa, akaishia kuhamia mambo ya bahari. Blake alizichunguza mbao za kale katika jumba la makumbusho la Bishop pale Honolulu, akaanza kutengeneza mbao zilizo wazi ndani, kama boksi jembamba. Ukubwa ule ule, uzito umeshuka sana. Mwaka 1935 akaongeza pezi chini, na ubao ukaacha kuteleza upande. Mbao unazoziona leo ni wajukuu wa kazi hiyo: au gamba gumu lenye povu ndani, au ubao wa kujaza upepo.

Huu wa upepo usiudharau. Si kama boya la watoto. Ndani una maelfu ya nyuzi zinazoshika tabaka la juu na la chini, ukiujaza unakuwa bapa na mgumu kama meza. Unajazwa kwa presha ya pauni 12 mpaka 15 hivi, wakati tairi la gari dogo ni kama 30. Ukiujaza nusu unapinda katikati ukisimama, na utadhani wewe ndiye hujui. Faida yake: unakunjwa unaingia kwenye begi, unapanda nao daladala, na ukiangukia juu yake hauumizi. Ule mgumu ni mtamu zaidi majini, unateleza na kugeuka vizuri, ila unahitaji pa kuuweka na namna ya kuusafirisha. Kwa kijana anayekaa chumba cha kupanga, jibu liko wazi.

Vipimo: mtu mzima wa kawaida anayeanza, kwenye maji matulivu, atafute ubao wa urefu wa mita 3 mpaka 3.4, upana sentimita 80 hivi, au 85 kama una mwili. Unene wa ule wa upepo ni sentimita 12 mpaka 15, chukua 15. Wenye mita 3.2 kwa sentimita 81 kwa 15 una ujazo wa karibu lita 300, unatosha na mtoto akae mbele. Ule uliochongoka mbele, mrefu, mwembamba, ni wa mashindano. Utakuangusha kutwa nzima. Ule mfupi wa mawimbi nao uache kwanza. Kama unanunua uliotumika, na wengi wetu ndio uwezo wetu, wa upepo ujaze uache usiku kucha, asubuhi ubonyeze. Kagua maungio na mdomo wa pampu, mwagia maji ya sabuni uone kama kuna mapovu. Ule mgumu ubebe: ukiwa mzito kuliko unavyofanana, maji yameshaingia ndani kupitia ufa, achana nao.

Na kusimama na kafi kulitoka wapi? Watu wa kusimama chomboni wako dunia nzima, hata wavuvi wetu na pondo zao. Lakini mchezo huu kama ulivyo unasimuliwa kutoka Waikiki kule kule. Kuanzia miaka ya 1940, vijana wa ufukweni waliokuwa wanafundisha watalii mawimbi, akina Ah Choy na wenzao, na Duke mwenyewe hutajwa katika kundi hilo, walikuwa wanasimama juu ya mbao zao ndefu na kuchukua kafi ya mtumbwi. Ukiwa umesimama unaliona wimbi likiwa bado mbali, na unawaona wanafunzi wako wote wametapakaa wapi. Wengine walining'iniza kamera shingoni wakawapiga watalii picha. Ikabaki kuwa mambo ya Waikiki mpaka miaka ya 1990, Laird Hamilton na Dave Kalama walipoanza kuifanya kule Maui, ndipo dunia ikaamka.

Kafi yake ni ndefu. Simama, nyosha mkono juu ya kichwa. Mpini ukifika kwenye kiganja, yaani kama sentimita 15 mpaka 25 juu ya utosi, ndiyo yako. Bapa la kafi limepinda kidogo, na wageni wengi hulishika kinyume kwa kufikiri lachote maji kama kijiko. La hasha. Mpindo unaelekea mbele, mkono mmoja kileleni, mmoja katikati ya mpini.

Binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa, anafanya kazi ya kukodisha vyombo vya majini ufukweni Zanzibar, na nilipomtembelea alinipandisha. Nakupa mafunzo yake kama alivyonipa. Anzia maji yasiyo na wimbi, yenye kina cha kiuno, ili pezi lisikwame na wewe usiangukie mchanga. Panda kwa magoti katikati, pale penye kishikio. Piga kafi kwa magoti mpaka moyo utulie. Ndipo usimame, mguu mmoja mmoja, pale pale magoti yalipokuwa, nyayo sambamba, upana wa mabega, magoti yamelegea. Usisimame kiubavu kama mtu wa mawimbi. Na macho yasitazame miguu! Ukitazama miguu unaanguka. Tazama mbele, mbali. Chomeka kafi mbele ya vidole vya mguu, vuta mpaka usawa wa unyayo, toa. Ukisimama bila kupiga kafi ndipo unatetereka zaidi, kama baiskeli iliyosimama. Ukiona unaanguka, anguka mbali na ubao, bapa, usitangulize kichwa. Nilianguka mara nane siku ya kwanza, binamu alikuwa anahesabu kwa sauti ili watalii wasikie.

Yanayoua ni mawili, naomba hapa usipitishe macho tu. La kwanza upepo. Mtu aliyesimama ni tanga. Upepo ukitoka nchi kavu kwenda baharini, maji karibu na ufukwe yanakuwa kioo, yanakuita, na huko mbele hurudi. Anza kwa kwenda kinyume cha upepo ili ukichoka ukurudishe nyumbani. Ukizidiwa, piga magoti au lala kifudifudi upige maji kwa mikono, kama Duke siku ya Thelma. La pili ni kuachana na ubao. Una kamba ya mguuni, ivae, na jaketi la kuokolea livae hata kama unajua kuogelea. Ubao ni boya lako, usiuache kamwe ukajaribu kuogelea ufukweni. Tofauti iko kwenye mto unaokimbia: huko kamba ya mguuni inaweza kunasa kwenye gogo ikakuzamisha, wanatumia ya kiunoni inayofunguka kwa kuvuta mara moja. Na sisi wa Kanda ya Ziwa tuna yetu ya nyongeza: uliza wenyeji kuhusu mamba na viboko, na kichocho hakijali kama uko juu ya ubao, maana utaanguka tu.

Duke uzeeni alipata utulivu fulani. Alichaguliwa sherifu wa Honolulu katika miaka ya 1930 na akashinda vipindi 13 mfululizo, mpaka 1961 cheo kilipofikia mwisho wake kwake. Mwaka 1940, akikaribia miaka 50, alimwoa Nadine Alexander. Hawakupata watoto. Hawaii ilipokuwa jimbo la 50 la Marekani mwaka 1959, yeye ndiye alikuwa sura ya visiwa, anapokea wageni wakubwa na kuwavisha maua. Waliomfahamu wanasema alikuwa mpole, asiye na maneno mengi. Mimi huwa najiuliza alikuwa anafikiri nini, yeye aliyezaliwa chini ya mfalme, akiikaribisha bendera ile. Hakuacha malalamiko.

Alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 22 Januari 1968, miaka 77. Vijana wa ufukweni na mitumbwi wakampeleka Waikiki, majivu yake yakamwagwa baharini mle mle alimotupwa na baba yake.

Tarehe 24 Agosti 1990, miaka 100 tangu azaliwe, ilizinduliwa sanamu yake ya shaba pale Waikiki, ubao nyuma yake, mikono ameitanua. Watu wa pale wamelalamika mpaka leo kwamba wameisimamisha vibaya, imeipa bahari mgongo, inatazama barabara na mahoteli. Duke asingeipa bahari mgongo. Nimekubaliana nao.

Jambo moja alilolitaka akalikosa: tangu enzi zake za Olimpiki aliomba mchezo wa mawimbi uingizwe. Uliingia kwenye michezo ya Tokyo, iliyofanyika Julai 2021, miaka 53 baada ya kifo chake. Dhahabu ya kwanza ya wanawake ilichukuliwa na Carissa Moore, binti aliyezaliwa Honolulu.